Mnyama Aliyeishi Ndani ya Dashibodi

Wiki iliyopita gari letu liliondoka nyumbani likivutwa kwa kamba nyuma ya trekta, kama ng'ombe mgonjwa anayepelekwa kwa daktari bila kupenda. Mnunuzi alikuwa amekuja kutoka Mugumu kuchukua mabati na injini tu. Kabla ya kufunga kamba alijaribu kila swichi kwa mazoea. Taa, hakuna. Honi, hakuna. Redio ilikufa tangu niko shuleni. Alipobonyeza swichi ya feni, feni ikavuma. Hewa ikatoka kwenye matundu ya dashibodi, ina vumbi la kuungua na harufu ya karanga. Yule bwana akapiga chafya mara tatu, akamgeukia baba.

"Mzee, humu mlikuwa mnakaanga?"

Baba aligeuza shingo. Aliniangalia mimi. Na mimi, mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa na mipango ya kufungua mgahawa wangu, nikaangalia vidole vya miguu yangu kama niko darasa la pili.

Ninyi tuliokua wakati mmoja mtanielewa. Sisi tulikua na magari yaliyokuja kwetu yakiwa tayari wazee. La kwetu lilikuwa jeupe, dogo, lina mkwaruzo mrefu ubavuni ambao hatukuwahi kujua aliuweka nani. Baba alikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii upande wa Natta, na alipokuwa likizo alikuja nalo nyumbani Busawe, akaliosha mpaka jirani wakasema litachanika. Mimi nilipewa kazi ya kukaa mbele ili kuangalia ng'ombe barabarani. Sikuona ng'ombe wengi. Macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi.

Kwa sababu nilijua kuna mnyama humo ndani.

Nisikilizeni kwanza, ndipo mcheke. Baba alipobonyeza swichi, kitu kilinguruma. Kisha pumzi ikaja, unaisikia usoni. Akizungusha kile kitufe kwenda kwenye rangi nyekundu, pumzi inakuwa ya moto, nikajua amekasirishwa. Akirudisha kwenye bluu, pumzi inapoa, nikajua amesamehe. Siku moja nje ya gari, wakati injini inaunguruma, niliona jani kavu likivutwa na kuzama kwenye vitundu vilivyo chini ya kioo cha mbele. Basi nikapata hesabu yote. Huko nje ni mdomo, huku ndani ni pua. Ukubwa wake nilikadiria ni wa paka aliyeshiba, hana meno, ana mapafu makubwa. Na nikajiuliza swali ambalo mtoto yeyote mwenye huruma angejiuliza: je, anakula nini? Maana sikuwahi kumwona mtu akimpelekea hata ugali.

Nikaanza kumlisha karanga. Kila baba aliporudi, nilichota kwenye kapu la mama, nikapanda kwenye bampa na kumwangushia mdomoni moja moja, nyingine na maganda yake, maana sikuwa na uhakika anapenda zipi. Nilifanya hivyo kimya kimya kwa muda mrefu. Mwanzo alifurahi, alikuwa akitoa sauti ya kukwaruza kama mtu anayetafuna. Baadaye akaanza kukohoa. Baadaye tena akawa ananguruma akisimama, ananguruma akisimama, halafu siku moja baba alibonyeza swichi na hakukuwa na kitu. Kimya. Harufu tu ya kuungua.

Baba akasema, "Feni imekufa."

Mimi nikajua nimemnyonga.

Sasa, gari lisilo na ile feni kiangazi halina shida, unafungua vioo unaendelea na safari. Shida ni masika. Mvua ikinyesha unafunga vioo, watu wanapumua, kioo cha mbele kinaingia ukungu mpaka unakuwa kama umekaa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mara ya kwanza kunyeshewa bila feni, baba aliendesha akiwa ametoa kichwa nje dirishani, mama akifuta kioo kwa kitambaa cha kichwani, na tulisimama katikati ya shamba la mihogo la mzee Marwa, ambaye alitoka na mwavuli, akasalimia vizuri, akauliza kama tumekuja kwa ajili ya posa.

Habari hiyo ilipanda mpaka milimani Tarime, kwa bibi mzaa mama. Na hapo ndipo jambo lilipokuwa zito, kwa sababu bibi alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yameota utando, jicho moja lilishafunga kabisa na lingine lilikuwa linaona vivuli. Mama alikuwa amesikia kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya Mugumu, watakaa siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, kisha wataondoka, na haijulikani watarudi lini. Mjomba Chacha, mdogo wake mama, angeweza kumleta bibi mpaka kwetu kwa pikipiki yake. Lakini kumpeleka Mugumu na kumrudisha na jicho limetoka kupasuliwa, kwenye matope na mvua na upepo, kwa pikipiki haiwezekani. Ni lazima gari.

Bibi alituma jibu kwa simu ya mjomba. Alisema kwa Kikurya, nami nawaandikia kwa Kiswahili: "Mimi sioni. Nasikia na hilo gari halioni. Sasa nani atamshika mwenzake mkono?"

Mama alilia siku hiyo, akiwa anachambua mboga. Nilimwona akifuta macho kwa kiwiko. "Atakufa hajamwona huyu," alimwambia baba, na huyu nilikuwa mimi. Bibi alikuwa ananijua kwa kunipapasa uso tu.

Jumamosi baba alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti, kizito kama kichwa cha mbuzi. Kilikuwa mota ya feni, ya mtumba, ametumiwa kwa basi kutoka Musoma.

"Fundi nani atakuja kuifunga?" mama akauliza.

"Fundi yuko hapa."

"Yuko wapi?"

"Mama Bhoke, mimi nimewahi kutoa mifupa yote kwenye kuku bila kupasua ngozi. Gari litanishinda nini?"

Kwa hiyo Jumapili, tuliporudi tu kutoka ibada ya asubuhi, baba alivaa aproni yake nyeupe ya kazini na kuanza kulipasua gari kama mpishi. Sisemi kwa mzaha. Kwanza alifungua waya wa betri, akasema hiyo ni sawa na kuzima jiko. Halafu akamwomba mama vyombo. Kila skrubu aliyotoa ilikwenda kwenye chombo chake, kwa mpangilio, na chini ya kila chombo aliweka karatasi yenye jina kama la mtu: "wa kwanza", "wa pili", "mrefu", "mrefu aliyepinda". Alianza na visahani. Visahani vikaisha, akahamia kwenye vikombe. Saa tano hapakuwa na kikombe kimoja safi ndani ya nyumba.

Mwongozo ulikuwa kwenye simu, video ya mzungu mmoja akibadilisha feni kama ile. Ila kwetu mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo. Basi mama alipanda kichuguu na simu, baba akabaki kwenye gari, wakawa wanapigiana kelele kupitia uani.

"Anafanya nini sasa?"

"Anaongea tu."

"Anasema nini?"

"Kizungu."

"Mikono, mama Bhoke, nieleze mikono."

"Ameshika kikombe. Anakunywa."

Baba akasimama kidogo, akifikiri. "Na mimi ninywe?"

"Wewe fanya kazi. Haya, ameinama. Anafungua upande wa kulia. Kulia kabisa, chini pale miguuni."

Kulia kwetu ni kwenye usukani. Baba akaingia chini ya usukani, akafungua kila kilichokubali kufunguka na viwili vilivyokataa. Alifanya kazi saa nzima na zaidi. Alipata waya nyingi, alipata kitana cha mama kilichopotea tangu Krismasi, alipata kalamu. Feni hakuipata. Alitoka akiwa na jasho mpaka kwenye nyusi, akasema labda gari hili waliliunda bila feni na tulikuwa tunapata upepo wa kawaida.

Mimi nilikuwa nimepanda kichuguu kumpelekea mama maji. Nikachungulia simu.

"Mama, mzungu huyu usukani wake uko ninapokaa mimi."

Mama akaangalia. Akaangalia gari. Akaangalia tena simu.

"Baba Bhoke," aliita, sauti yake ikiwa ndogo sana kuliko ilivyokuwa asubuhi nzima. "Nadhani kulia kwake ni kushoto kwetu."

Baba alikunja uso kama mtu aliyemeza mfupa. Kisha akaanza kurudisha skrubu za upande wa usukani, kikombe kwa kikombe, akihesabu kwa sauti ya upole inayotisha.

Alipohamia kushoto, pale ninapokaa mimi, nikarudi mbio kutoka kichuguuni. Alitoa droo ya dashibodi, akaiweka majanini. Pakabaki shimo jeusi. Nikajua mnyama wangu yumo humo, amekauka, na karanga shingoni. Nilizunguka gari nikiomba kimoyomoyo baba achoke. Baba hakuchoka. Alilala chali, kichwa kikaingia chini ya dashibodi, kiuno kikabaki kwenye kizingiti cha mlango, miguu ikatoka nje na kutua juu ya kigoda cha mama cha jikoni. Aproni ilimpandia kifuani. Shati likapanda pia. Suruali nayo, sitaki kumsema baba yangu, lakini ilikuwa inaelekea upande mwingine.

Hapo ndipo tuliposikia pikipiki.

Bibi tulikuwa tunamtarajia jioni. Lakini mjomba Chacha alikuwa ameona wingu, akaamua kumwahisha kabla ya mvua. Akaingia uani saa saba mchana na bibi nyuma yake, amefungwa shuka mbili na kofia ya sufu, amekaa wima kama mwenyekiti wa kijiji.

Sijui kwenu mnafanyaje. Kwetu mkwe ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa katikati. Baba alikuwa amemwoa mama miaka tisa na alikuwa hajawahi kusimama mbele ya bibi bila kofia mkononi na macho chini. Sasa bibi ameingia uani, na kitu cha kwanza upande wake ni tumbo la mkwe wake na miguu iko juu ya kigoda.

Kutoka ndani ya dashibodi nikasikia mnong'ono. "Bhoke. Nifunike."

"Toka baba."

"Sitoki. Mkono umenasa. Nimeishika mota, kuna skrubu ya mwisho. Nifunike upesi."

Nikanyakua kitenge cha mama kwenye kamba, nikamtupia. Kikamfunika kuanzia kifuani mpaka vidoleni. Ilionekana kama kitu cha kawaida kabisa kinachotoka kwenye gari, nilivyoona mimi.

Mama alikuwa anashuka kichuguu mbio. Mjomba akamshusha bibi, akaangalia gari, akaangalia kitenge, akaanza kutabasamu taratibu.

"Shemeji yuko wapi?" akauliza kwa nguvu, ili kila mtu asikie. "Au leo anapika nini humo?"

"Chacha, nyamaza," mama akasema, akakimbilia kumshika bibi mkono. Nami nikamwamkia shikamoo. Bibi akanipapasa uso, akaridhika kwamba pua iko palepale. Halafu akageuza kichwa kuelekea kwenye gari. Vivuli alikuwa anaviona, si kwamba alikuwa hana kitu.

"Ni nini hicho kirefu?"

Mama alifungua mdomo. Mjomba alifungua mdomo. Mimi nikawawahi.

"Ni gunia la mahindi, bibi."

"La ghala lipi, mvua inakuja na liko nje?" Na kabla mtu hajamzuia, bibi, ambaye maisha yake yote hajaacha nafaka inyeshewe, aliinama na kulipapasa gunia kwa chini ili asikie kama limeloa. Alipapasa. Akaminya. Akasimamisha mkono.

"Mahindi yenu," akasema, "yanavaa soksi."

Hakuna aliyecheka. Hata mjomba aliacha kutabasamu. Bibi aliuvuta mkono wake kama ameugusisha kwenye mafiga, akageuka, akalipa gari mgongo. Uso wake ulibadilika kabisa. Alikuwa amemshika mkwe wake mguu.

"Chacha," akasema. "Washa pikipiki. Nirudishe."

"Mama, mvua," mama akasema.

"Nirudishe. Nitapandaje gari la mtu huyu kesho? Nimwambie nini mbele za watu? Nikae nyuma yake nikijua mguu wake una kisigino gani?"

"Mama, madaktari siku tatu tu." Sauti ya mama ilikuwa inakatika. "Jumatano wanaondoka."

"Waondoke. Nimezoea vivuli."

Nawaambia ukweli, mimi sikuelewa uzito wa kisigino, lakini nilielewa uso wa mama. Alikuwa amekaa chini, kwenye majani, katikati ya vikombe vya skrubu. Mjomba alikuwa ameshika ufunguo lakini hawashi.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya dashibodi, nzito na ya mbali, kama ya mtu aliye kwenye pipa.

"Bhoke, mwambie bibi shikamoo."

"Bibi, baba anasema shikamoo."

Desturi ni desturi, lakini salamu nayo ni salamu. "Mwambie marahaba. Na mwambie atoe kichwa humo, aondoke kwa heshima, nipite."

"Baba, bibi anasema toka."

"Mwambie nimenasa. Mwambie skrubu ya mwisho iko ndani sana, mkono wangu hauzunguki."

"Bibi, baba amenasa. Mkono ni mkubwa."

Bibi akiwa amegeukia ukuta wa choo akasema, "Si kuna mwenye mkono mdogo hapo?"

Wote wakaniangalia mimi. Nilikuwa nimesubiri maisha yangu yote kuwa mtu muhimu, lakini si hivyo. Kuingia kwenye lile shimo ni kwenda kumshika marehemu niliyemuua mwenyewe. Nilisimama. Nikamwangalia mama pale chini. Nikaingia.

Nililala juu ya tumbo la baba, kichwa karibu na kichwa chake. Kulikuwa na giza na harufu ya vitunguu na jasho. Akanipa bisibisi fupi, akanielekeza kwa pumzi, "Juu, zaidi, hapo. Zungusha kama unafungua chupa." Nikazungusha nimefumba macho. Skrubu ikalegea. Kitu kizito, cha mviringo, kikashuka mikononi mwetu, na nyuma yake ikafuata mvua ya maganda ya karanga, majani, pamba ya kiti, vipande vya kurasa za mwisho za Biblia ya mama zilizopotea, kule kwenye Ufunuo. Na katikati ya hayo yote kukawa na kitu chenye joto, kinachotikisika.

Yuko hai. Hilo ndilo nililofikiri. Nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

"Yuko hai, baba," nikasema.

Ndipo panya akamkimbilia baba usoni.

Baba yangu ni mtu mtaratibu, lakini hajawahi kupenda panya, sababu jikoni kambini panya mmoja unafukuzwa kazi. Alitoka kwenye lile gari kwa njia ambayo mpaka leo sijui ni ipi. Nilijikuta majanini nimekumbatia mota, na baba amesimama wima katikati ya uwanja, amejifunga kitenge cha maua kifuani kama mwanamke anayetoka kuoga, soksi moja mguuni, kofia hana, hatua tatu kutoka kwa mkwe wake. Panya akapita katikati ya miguu ya mjomba akaingia porini.

Bibi hakugeuka. "Kimetoka nini?" akauliza ukuta.

"Panya, bibi," nikasema. "Na baba."

Baba alikuwa ameokota konzi ya maganda. Alikuwa akiyaangalia. "Karanga hizi zimeingiaje humu?" akauliza, na hapo hakuhitaji mtu wa katikati.

Nikalia, nikasema yote. Mdomo wa nje, pua za ndani, nyekundu ya hasira, bluu ya msamaha. Kwamba nilikuwa namlisha kwa sababu hakuna aliyekuwa anamlisha. Kwamba akapaliwa. Kwamba nilidhani nimemuua, kumbe panya ndiye alikuwa anakula chakula chake.

Mabega ya bibi yalianza kutikisika. Nilidhani analia pia. Kisha sauti ikamtoka, kicheko kikavu cha kikongwe kilichokuwa kimefungiwa muda mrefu, akashika ukuta wa choo asianguke. Mjomba akafuata, akakaa chini kabisa. Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Baba peke yake hakucheka, maana alikuwa bado ana kitenge.

Bibi alipomaliza, alijifuta macho yale yasiyoona, akanyoosha shuka zake. Akaongea na ukuta, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu kwenye baraza.

"Mimi nimekuja hapa sioni. Kila mtu anajua sioni, ndiyo sababu ya kuja. Mtu asiyeona hawezi kusema amemwona mkwe wake. Na nilichogusa ni kitenge cha binti yangu, tena nilikinunua mimi. Kitenge si mkwe." Akageuza kichwa upande wa mjomba. "Chacha, zima hiyo pikipiki."

"Haijawashwa, mama."

"Basi usiiwashe."

Baba akaondoka kinyumenyume mpaka nyuma ya nyumba kuvaa vizuri. Mama akampa bibi chai. Bibi akanywa nusu, akatoa kitu mdomoni, akakiweka kwenye kiganja. Ilikuwa skrubu, "mrefu aliyepinda". Akaipapasa, akairudisha kwa mama, akaendelea kunywa.

Mota mpya ilichukua nusu saa tu, maana sasa tulikuwa tunajua njia, na skrubu ya ndani niliifunga mimi. Baba aliporudisha waya wa betri na kubonyeza swichi, feni ilivuma, ikamwagia mama uso mzima vumbi la karanga lililobaki kwenye mabomba. Mama alisimama mweupe kama mtu aliyetoka mashineni kusaga unga. Hakufuta. Alisema tu, "Inafanya kazi."

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alikaa kwenye usukani, mimi kushoto kwake, mama na bibi nyuma, na katikati mama alikuwa ametundika shuka kwenye kamba ili kila mtu awe na heshima yake. Vioo vilifungwa. Watu wanne tulipumua mpaka Mugumu na kioo cha mbele kilikuwa safi kama sahani ya wageni.

"Gari linaona?" bibi aliuliza kila kilima.

"Linaona, bibi."

Walimpasua jicho moja, lile lililokuwa limefunga kabisa, tukalala kwa rafiki wa mama wa kanisani. Baba alilala ndani ya gari, kwa sababu nyumba moja na mkwe haiwezekani. Kesho yake nesi alitoa bandeji. Bibi alipepesa, akapepesa, akanitafuta kwa mikono kama kawaida, halafu mikono ikasimama hewani kabla haijanifikia. Aliniangalia muda mrefu sana. Nilikuwa nimepakwa mafuta mengi na nimesukwa misuko mitatu.

"Kumbe una paji la uso la babu yako," akasema. "Na hukuniambia."

Kurudi, mvua ilikuwa imekatika. Shuka ilitundikwa tena, lakini dirisha la upande wake lilikuwa lake. Hatujatoka hata nje ya mji akaanza. Ng'ombe yule mwekundu ana doa. Mlima ule walikata miti yake lini? Bati la nyumba ile ni la bluu, nani anaezeka bluu? Baba, ambaye kwa kawaida anaendesha kama ameacha sufuria motoni, nikaona anapunguza mwendo. Akapunguza tena. Baiskeli ikatupita. Akatupita mama mmoja amebeba kuni kichwani, akatusalimia kupitia kioo, akaendelea mbele akatuacha.

"Gari limeharibika?" mama akauliza kutoka nyuma.

Baba hakuangalia nyuma. "Mwambie mama yako halijaharibika," akaniambia.

Tulichukua mchana mzima. Karibu na Busawe, kando ya mto uliofurika, kulikuwa na wasichana wanafua, na shuka moja nyekundu ilikuwa imeanikwa juu ya vichaka, jua limeipiga. Bibi aliacha kuongea. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Bhoke," akasema polepole, "mwambie huyo mtu..."

Baba alikuwa ameshasimamisha gari.